Somo la Saba: Isome Glezi Kabla ya Kulipa

Mwongozo kwa wanunuzi wa vyombo vya maua vya kauri vya miaka ya 1950 hadi 1970

Utangulizi

Kupenda chombo cha udongo kilichong'arishwa si jambo geni katika pwani yetu. Katika nyumba za kale za Lamu, kuta za ndani zilitengenezewa vidaka vya kuwekea sahani na mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui, mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika mawe ili yapambe kaburi la mtu mwenye cheo. Mkusanyaji wa leo ana watangulizi.

Vyombo vinavyozungumziwa katika somo hili ni vya karibu zaidi. Ni vyombo vya maua vilivyotengenezwa hasa Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wakati viwanda na wafinyanzi walipokuwa wakijaribu glezi za kila namna: nzito, zenye mashimo, zinazotiririka kama zaha ya volkano, zenye rangi kali za machungwa na nyekundu. Chombo cha namna hiyo huweza kumfikia mnunuzi kupitia duka la vitu vilivyotumika, mnada wa vyombo vya nyumbani, ukurasa wa biashara mtandaoni, au mkono wa ndugu arejeaye kutoka Ujerumani au Uingereza.

Somo lina jambo moja la msingi. Kinachokipa chombo hiki thamani ni glezi yake. Na kinachoweza kumletea mnunuzi hasara, ya fedha au ya afya, ni glezi hiyohiyo. Mlaji akijifunza kuisoma, hatategemea tena maneno ya muuzaji.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:

(a) kueleza glezi ni nini na kwa nini baadhi yake zina madini yenye sumu;
(b) kusoma alama zilizo chini ya chombo na kujua zinathibitisha nini na hazithibitishi nini;
(c) kutofautisha shimo la tanuri na pengo la ajali;
(d) kukitumia chombo kwa usalama nyumbani;
(e) kuandikiana na muuzaji hati ya mauzo yenye maana.

1. Glezi ni nini?

Glezi ni tabaka la kioo linaloshikamana na udongo wakati chombo kinapochomwa katika tanuri. Mfinyanzi huchanganya unga wa mawe na madini kwa maji, hukipaka chombo mchanganyiko huo au hukichovya humo, kisha hukichoma. Kiungo kinachofanya kioo ni silika. Lakini silika peke yake huyeyuka kwa joto la takriban nyuzi 1,700 za Selsiasi, joto linalozidi lile la tanuri za kawaida za vyungu. Kwa sababu hiyo huongezwa madini ya kuisaidia kuyeyuka mapema. Kwa karne nyingi risasi ilipendwa kwa kazi hii, kwa kuwa hushusha joto linalohitajika na kuipa glezi mng'aro laini.

Rangi hutokana na metali. Kobalti hutoa buluu. Shaba hutoa kijani au feruzi. Chuma hutoa hudhurungi na nyeusi. Nyekundu na machungwa angavu zilikuwa rangi ngumu kupatikana, na ili kuzipata viwanda vilitumia kadimiamu pamoja na seleni, na vingine urani.

Uso wenye mashimo, ambao ndio unaosakwa na wakusanyaji wengi, una siri yake pia. Katika glezi hutiwa kabaidi ya silikoni, dutu inayotumika vilevile kutengenezea msasa. Katika joto la tanuri dutu hiyo hutoa gesi, na gesi huiumua glezi iliyoyeyuka kama hamira inavyoumua donge la maandazi. Viputo hupasuka, chombo hupoa, na mashimo hubaki yameganda juu ya uso. Mfinyanzi huweza kukadiria yatakavyokuwa, lakini hawezi kuyapanga moja moja.

2. Vyombo vya Ujerumani Magharibi

Vyombo vya namna hii vinavyopatikana kwa urahisi zaidi ni vya Ujerumani Magharibi, nchi iliyokuwapo kwa jina hilo kuanzia mwaka 1949 hadi Ujerumani ilipoungana tena mwaka 1990. Miongoni mwa viwanda vyake mashuhuri ni Scheurich cha Kleinheubach, Carstens cha Tönnieshof na Ruscha cha Rheinbach. Mwaka 1954 Kurt Tschörner aliibunia Ruscha jagi lenye namba 313, ambalo lilitolewa kwa miaka mingi likiwa na glezi tofauti tofauti. Otto Gerharz, aliyetunga glezi ya Ruscha iitwayo Vulcano, alianzisha kiwanda chake mwenyewe, Otto Keramik, mwaka 1964.

Leo wauzaji wengi huviita vyombo vyenye glezi nzito kwa jina la Fat Lava. Jina hilo si la kiwanda chochote. Lilienea baada ya kitabu na maonyesho ya Mark Hill nchini Uingereza mwaka 2006. Kwa hiyo muuzaji akisema, "Hiki ni Fat Lava halisi," ametaja mtindo tu. Hajataja mtengenezaji, mwaka wala kiwango cha ubora.

Mlaji azingatie pia namna vyombo hivi vilivyotengenezwa. Udongo wa majimaji ulimiminwa katika kalibu ya plasta, na kalibu moja ya umbo hilohilo ilifuatwa na nyingine. Umbo, basi, lilirudiwa mara nyingi mno. Kilichotofautiana ni glezi, kwa kuwa ilipakwa kwa mkono na kuachiwa tanuri imalize kazi. Vyombo viwili vyenye umbo moja na namba moja vinaweza kuwa na bei zilizo mbali sana, kimoja kikiwa na glezi ya kawaida ya hudhurungi na kingine kikiwa na glezi adimu iliyotoka vizuri tanurini.

3. Kusoma kitako

Kipindue chombo polepole ukiwa umekishika kiwiliwili, si mdomo wala mkono wake. Mara nyingi utakuta maandishi yaliyoingia katika udongo, mathalani "W. Germany 242-22". Maneno ya kwanza hutaja nchi. Namba ya kwanza, 242, ni namba ya umbo. Namba ya pili, 22, ni kimo kwa sentimita. Chukua rula upime. Kimo kikitofautiana kidogo tu na namba, hilo ni jambo la kawaida; kikipungua kwa sentimita kadhaa, uliza kama mdomo ulivunjika ukasawazishwa kwa msasa.

Alama hizo zinathibitisha mambo machache. Zinaonyesha nchi, na kwa hiyo zinaonyesha kwamba kalibu ilitengenezwa kabla ya nchi hiyo kuacha kutumia jina lake. Hazithibitishi jina la mtengenezaji, kwa kuwa vyombo vingi vya Scheurich havikuandikwa jina la kiwanda. Hazithibitishi uadimu. Nayo karatasi ya nembo iliyobandikwa ubavuni haithibitishi mengi, maana karatasi huweza kubanduliwa kwenye chombo kimoja na kubandikwa kwenye kingine.

Angalia pia kama kitako kina tundu la mviringo katikati. Vyombo vingi vya maua viligeuzwa taa za mezani kwa kutobolewa kitako ili waya upite. Tundu hilo haliondoi uzuri wa chombo kikiwa rafuni, lakini hupunguza bei yake, na huweza kuwa limefunikwa kwa kipande cha kitambaa.

4. Shimo la tanuri na pengo la ajali

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, na ndipo muuzaji asiye mwaminifu hupata mwanya. Juu ya uso uliojaa mashimo ni rahisi kusema kwamba kila dosari ni "mtindo wa chombo". Ziko njia nne za kupata ukweli.

*Tazama ukingo.* Shimo lililotokana na kiputo cha gesi huwa na ukingo uliolainika, kwa kuwa glezi ilikuwa bado majimaji kiputo kilipopasuka. Pengo la ajali huwa na ukingo mkali, wenye pembe.

*Tazama ndani ya shimo.* Shimo la tanuri mara nyingi huwa na glezi hadi chini, hata kama ni nyembamba. Pengo huonyesha udongo mtupu, mkavu, usiong'aa, mweupe au mwekundu kutegemea udongo uliotumika.

*Tazama mahali lilipo.* Mashimo ya tanuri hukaa pale glezi nzito ilipopakwa. Pengo la pekee kwenye ukingo wa mdomo, kwenye mkono au kwenye pembe ya kitako, mahali panapogongwagongwa, litiliwe shaka kwanza.

*Tumia ukucha.* Upitishe taratibu kutoka kwenye glezi hadi ndani ya shimo. Ukucha ukinasa ghafla, hapo pana mvunjiko.

Nyufa nazo ni za aina mbili. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui, zilizoenea ndani ya glezi pekee, hutokea pale glezi na udongo vinapopoa na kusinyaa kwa viwango tofauti. Hazimaanishi kwamba chombo kimevunjika. Ufa mmoja unaoanzia mdomoni na kuteremka, unaoonekana nje na ndani mahali palepale, ni ufa wa mwili wa chombo, nao huendelea kukua. Kigonge chombo kwa kifundo cha kidole. Chombo kizima hutoa sauti yenye mwangwi, na chenye ufa hutoa sauti iliyozimika. Kwa kuwa udongo mzito huweza kuwa na sauti hafifu kwa asili yake, linganisha na chombo kingine cha namna hiyo badala ya kutegemea mgongo mmoja.

5. Matengenezo yaliyofichwa

Chombo kilichogundishwa na kupakwa rangi upya kinaweza kuwa kizuri, na si kosa kukiuza. Kosa ni kukiuza kama kizima. Rangi ya matengenezo haikuchomwa katika tanuri, na kwa hiyo haina ubaridi wa kioo: ukiigusa kwa mdomo au kwa shavu utaihisi vuguvugu kidogo kuliko glezi ya pembeni yake. Chini ya tochi ya mwanga wa urujuanimno, gundi na rangi nyingi za kisasa huonekana tofauti na glezi. Mwangaza wa jua unaoingia kwa upande nao husaidia, kwa kuwa hufichua mahali mng'aro unapobadilika.

Ukinunua kwa mbali, omba picha sita: mbele, nyuma, mdomo kwa karibu, ndani, kitako, na moja iliyopigwa mwanga ukitoka ubavuni. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya kitako amekwisha kukupa jibu.

6. Jina kubwa na bei kubwa

Mbali na vyombo vya viwandani kuna vya wafinyanzi waliofanya kazi kwa mikono yao, ambavyo bei zake ni za daraja nyingine kabisa. Gertrud na Otto Natzler walihama Vienna mwaka 1938 wakaenda Los Angeles; Gertrud alifinyanga, na Otto alitunga glezi zaidi ya 2,000, zikiwamo zenye mashimo ya volkano. Mwaka huohuo Lucie Rie naye aliondoka Vienna akahamia London, ambako alifanya kazi kwa zaidi ya miaka 50.

Majina ya namna hiyo huvutia waghushi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 iligundulika kwamba wafungwa wa gereza la Featherstone, Uingereza, walitumia darasa lao la ufinyanzi kutengeneza vyombo vilivyoigwa kwa Bernard Leach, vikiwa na mhuri wa kuiga, navyo vilifika katika minada ya London. Ikiwa wataalamu wa minada walidanganyika, mnunuzi wa kawaida asilipe bei ya jina kubwa kwa kuona mhuri peke yake. Adai historia ya umiliki: nani alikinunua, wapi, lini, na karatasi gani inaonyesha hivyo. Pasipo historia hiyo, chombo kilipiwe kama chombo kizuri kisichojulikana mfinyanzi wake.

7. Chombo cha maua si chombo cha chakula

Sehemu hii isirukwe hata na msomaji asiyejali bei.

Risasi na kadimiamu zilizo katika glezi huweza kutoka na kuingia katika kimiminika, hasa kikiwa na asidi. Juisi ya ndimu, maji ya ukwaju, siki, achari, rojo ya nyanya na maziwa ya mgando vyote vina asidi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Watoto wadogo na wajawazito ndio walio hatarini zaidi, na madhara kwa ubongo wa mtoto hayarudishiki.

Urani nayo ina historia yake. Nchini Marekani, kampuni ya Homer Laughlin ilianza kuuza vyombo vya mezani vya Fiesta mwaka 1936. Glezi yake nyekundu ilikuwa na oksidi ya urani. Wakati wa vita serikali ilijitwalia urani, na rangi hiyo ikaondolewa sokoni. Ilirudi mwaka 1959 na kuendelea hadi mwaka 1972. Mamlaka ya mazingira ya Marekani inashauri vyombo vya kale vyenye glezi ya namna hiyo visitumiwe kwa chakula wala kinywaji. Ikiwa ushauri huo unahusu sahani, chombo cha maua, ambacho hakikukusudiwa kamwe kugusa chakula, kinastahili tahadhari zaidi.

Basi, zingatia yafuatayo:

- Usitumie chombo cha maua kama jagi la maji, la juisi au la togwa, hata kwa siku moja ya sherehe. Umbo lake la jagi lisikudanganye.
- Ukiweka maua mabichi, tia maji katika gilasi au chupa iliyowekwa ndani ya chombo. Njia hii hukilinda pia chombo, kwa kuwa udongo wa aina hii huweza kuvujisha maji na kuharibu meza.
- Usiondoe chaki ya ndani kwa siki au ndimu. Asidi inayokula chaki hula na glezi. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini.
- Usikwangue, usipige msasa na usitoboe chombo nyumbani. Vumbi lake huweza kuwa na risasi.
- Glezi ikianza kubanduka, kiondoe chombo mahali watoto wanapofika.

Kukiweka chombo kizima juu ya rafu na kukitazama hakuna tatizo. Hatari iko katika kunywa, kula na kuvuta vumbi.

8. Mfano wa kufanyia kazi

Tuseme mnunuzi ameonyeshwa chombo cha rangi ya machungwa chenye mkanda mweusi wa mashimo. Kitako kimeandikwa "W. Germany 242-22". Muuzaji anataka shilingi 300,000 na kusema: "Ni cha kale, kimefinyangwa kwa mkono, kipo kimoja tu, na hakina dosari." Bei hii ni ya mfano tu. Tuyachunguze madai manne.

*Ni cha kale.* Katika mfumo wa kimataifa wa ushuru wa forodha, vitu vya kale ni vile vyenye umri unaozidi miaka 100. Chombo cha Ujerumani Magharibi hakijafika huko. Neno "kale" hapa ni sifa ya kuuzia.

*Kimefinyangwa kwa mkono.* Namba ya umbo huonyesha kalibu. Mnunuzi apitishe kidole ubavuni atafute mshono ulioachwa na vipande viwili vya kalibu.

*Kipo kimoja tu.* Umbo lilirudiwa mara nyingi. Mtiririko wa glezi yake hauna pacha kamili, lakini hiyo ni kweli kwa kila chombo cha aina yake.

*Hakina dosari.* Mnunuzi anakagua mdomo na kukuta alama ndogo yenye ukingo mkali na udongo mweupe ndani. Hilo ni pengo.

Mnunuzi sasa anajua kwamba anauziwa chombo cha kiwandani, chenye glezi ya kuvutia na pengo dogo. Anaweza kukipenda na kukinunua. Lakini atajadili bei ya kitu hicho, si bei ya hadithi aliyosimuliwa.

9. Hati ya mauzo na haki zako

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumhadaa mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Hata hivyo, lalamiko lisilo na ushahidi ni gumu kulitetea. Kabla ya kulipa, andikianeni hati fupi yenye mambo haya: majina ya pande mbili na tarehe; maelezo ya chombo pamoja na kimo na alama za kitako; jina la mtengenezaji, ikiwa muuzaji analidai; dosari zote zinazojulikana, au tamko kwamba hakuna; bei; na muda ambao mnunuzi anaruhusiwa kukirudisha kikionekana kuwa tofauti na maelezo. Hifadhi picha na ujumbe wote wa simu. Muuzaji mkweli hatachukizwa na hati, kwa kuwa inamlinda yeye pia.

Jipime

1. Chombo kimeandikwa "W. Germany" bila jina la kiwanda. Je, ni ushahidi wa kughushi?
2. Shimo lina ukingo mkali na udongo mkavu ndani. Ni la tanuri au la ajali?
3. Jirani anataka kuazima jagi lako la mapambo la miaka ya 1960 ili atilie juisi ya ukwaju arusini. Utamjibu nini?

*Majibu.* (1) Hapana. Vyombo vingi halali havikuandikwa jina. (2) La ajali. (3) Mwazime kwa ajili ya maua tu, na mweleze sababu.